Fleming alituonya mapema, tukatia pamba masikioni

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na aghalabu tumeitumia kuwakemea watoto wasiowatii wazazi wao. Leo nataka kuielekeza kwetu sote, walimu kwa wanafunzi, kwa kusimulia maisha ya mkuu mmoja aliyeiaga dunia mwaka wa 1955. Alitupa dawa, akatupa na onyo. Dawa tuliipokea kwa mikono miwili. Onyo tuliliacha mlangoni.

Kilichonisukuma kuishika kalamu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ni mwanafunzi katika shule moja ya sekondari ya bweni. Muhula mmoja alianza kuhisi maumivu kama ya moto kila alipokwenda haja ndogo. Haja yenyewe ilimjia mara kwa mara na mkojo ulitoka matone tu. Aliona haya kumweleza matroni. Rafiki yake, kwa nia njema kabisa, akamgawia vidonge vinne vya amoksilini alivyokuwa amevibakisha alipougua koo. Maumivu yakapungua siku mbili, kisha yakarudi yakiwa yameandamana na homa, kutetemeka, kutapika na maumivu makali ubavuni. Alipofikishwa hospitalini vijidudu vilikuwa vimekwisha kupanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo. Mkojo wake ulipopimwa na vijidudu kuoteshwa katika maabara, ilibainika kwamba dawa mbili zinazojulikana sana hazikuviweza. Alipona kwa sindano, baada ya kulazwa siku kadhaa na baada ya dada yangu kumuuza ng'ombe wake wa maziwa.

Nilipokwenda kumjulia hali, mtoto huyo aliniuliza swali ambalo mimi, niliyefundisha biolojia kwa miaka mingi, sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Alitaka kujua ni vipi dawa iliyomponya mwenzake imshinde yeye, na kama aliyeivumbua alijua kwamba siku moja ingeshindwa. Jibu la sehemu ya pili ni ndiyo, alijua. Jibu la sehemu ya kwanza limo ndani ya masimulizi ya maisha yake.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti, 1881, katika shamba la Lochfield karibu na mji mdogo wa Darvel, huko Ayrshire, Scotland. Babake, Hugh Fleming, alikuwa mkulima aliyeoa mara ya pili akiwa mtu mzima, na alifariki Alexander akiwa na umri wa miaka saba. Mamake, Grace, alibaki akilichunga shamba na familia kubwa. Kijana huyo alizoea kutembea mwendo mrefu kwenda shule, na inaaminika kwamba ni katika mabonde na vijito vya kwao alikojifunza kutazama kwa makini vitu ambavyo wengine huvipita.

Hapa sina budi kuutegua uongo mmoja uliozagaa mno. Yapo masimulizi, ambayo nimeyasikia hata katika hotuba za shuleni, kwamba babake Fleming alimwokoa Winston Churchill asizame matopeni alipokuwa mtoto, na kwamba babake Churchill akalipa fadhila kwa kumsomesha Alexander. Isitoshe, huongezwa kwamba baadaye Churchill aliokolewa na penisilini ya Fleming. Ni hadithi tamu lakini haina ukweli. Fleming mwenyewe aliikana. Churchill alipougua nimonia huko Tunisia mnamo Desemba 1943, alitibiwa kwa dawa za jamii ya salfa. Mwalimu anayeisimulia hadithi hiyo kama historia anawafundisha wanafunzi kuridhika na utamu badala ya ushahidi.

Ukweli wa maisha yake hauhitaji kutiwa chumvi. Akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, alihamia London kuishi na ndugu zake. Alisoma kidogo, kisha akafanya kazi ya ukarani kwa miaka minne katika ofisi ya kampuni ya meli, kazi ambayo hakuipenda. Ami yake alipofariki na kumwachia urithi wa fedha kidogo, aliutumia kujisomesha udaktari. Kati ya vyuo vya London alichagua kile cha Hospitali ya St Mary's, na sababu yake huwachekesha wengi: aliwahi kucheza polo ya majini dhidi ya timu ya chuo hicho. Alihitimu kwa alama za juu mwaka wa 1906. Alikuwa pia mlenga shabaha hodari, na wenzake hawakutaka timu ya bunduki ya hospitali impoteze. Hivyo alitafutiwa nafasi katika maabara ya Sir Almroth Wright, bingwa wa chanjo, naye akabaki St Mary's takriban maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyompa swali la maisha yake. Akiwa daktari wa jeshi huko Boulogne, Ufaransa, aliwaona askari waliosalimika risasi wakifa kwa vidonda vilivyooza. Madaktari wa wakati huo walimiminia vidonda dawa kali za kuulia vijidudu. Fleming alifanya majaribio, akaonyesha kwamba katika vidonda virefu dawa hizo hazikuvifikia vijidudu vilivyojificha, bali ziliua chembechembe za damu zinazomkinga mgonjwa. Kwa maneno mengine, dawa iliyotumiwa vibaya ilimsaidia adui. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwani tutalirudia.

Baada ya vita alirudi katika maabara yake, ambayo haikusifika kwa unadhifu. Mwaka wa 1921, akiwa na mafua, tone la kamasi yake liliingia katika kisahani alimootesha bakteria, na bakteria waliolizunguka wakayeyuka. Hivyo ndivyo alivyogundua lisozimu, kinga ya maumbile iliyomo katika machozi, mate na ute wa yai. Ugunduzi huo haukuleta tiba, kwa kuwa lisozimu iliwaua zaidi bakteria wasio na madhara makubwa. Hata hivyo, ulimzoeza kutambua dalili ambayo angeiona tena.

Aliiona mwanzoni mwa Septemba 1928. Alikuwa amerejea kutoka likizo na kukuta rundo la visahani alivyokuwa ameviacha, vikiwa na bakteria aina ya stafilokoka. Kimoja kilikuwa kimeota ukungu, kama ule uotao juu ya mkate uliokaa. Mtu mwingine angekiosha kisahani hicho na kusahau. Fleming aliona kwamba bakteria waliokuwa karibu na ukungu walikuwa wametoweka. Aliukuza ukungu huo, akaupima majimaji yake, na dutu iliyowaua bakteria akaiita penisilini. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1929.

Katika makala hayo mna jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipuuza. Fleming alieleza waziwazi kwamba penisilini haikuwaua bakteria wote. Iliviangamiza vijidudu vya usaha, vya koo na vya nimonia, lakini wale wa jamii ya koli, wanaoishi katika matumbo ya binadamu, hawakudhurika. Na ni bakteria huyo wa matumboni, Escherichia coli, ambaye husababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo, yapata visa vitatu kati ya kila vinne au zaidi kwa watu wasio na maradhi mengine. Akikaa mahali pake hana neno. Akiteleza hadi kwenye kibofu huleta balaa. Wanawake na wasichana huathirika zaidi, si kwa sababu ya uchafu kama wengi wanavyodhani, bali kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi, sentimita nne hivi, ilhali wa mwanamume ni kama sentimita ishirini. Yapata nusu ya wanawake wote duniani huugua maradhi haya angalau mara moja maishani. Basi ya nini mpwa wangu kuona haya?

Fleming na wasaidizi wake walishindwa kuisafisha penisilini, kwani iliharibika upesi. Aliuhifadhi ukungu wake, akawagawia watafiti walioutaka, na kwa zaidi ya muongo mmoja jambo likalala. Walioliamsha walikuwa Howard Florey, Ernst Chain, Norman Heatley na wenzao katika Chuo Kikuu cha Oxford. Tarehe 25 Mei, 1940, waliwaambukiza panya wanane vijidudu hatari, wakawatibu wanne kwa penisilini. Wanne hao waliishi, na wale wanne wengine wakafa kabla ya kupambazuka.

Mnamo Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja wa Oxford aliyekuwa akifa kwa maambukizi ya damu. Alipata nafuu ya kustaajabisha. Kwa vile figo huitoa penisilini mwilini haraka, watafiti waliukusanya mkojo wake, wakaitoa dawa humo na kumdunga tena. Hata hivyo dawa ilikwisha kabla ya vijidudu kwisha. Ugonjwa ulirudi, na tarehe 15 Machi askari huyo akafariki. Anayedhani kwamba nafuu ni sawa na kupona na amkumbuke mtu huyo.

Jambo jingine lilitukia Oxford ambalo linahusu moja kwa moja kadhia ya mpwa wangu. Desemba 1940, kabla hata ya mgonjwa huyo kutibiwa, Ernst Chain na mwenzake Edward Abraham walitangaza kwamba wamegundua kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Walikitoa katika bakteria gani? Katika E. coli. Yaani kabla dawa haijafika hospitalini, kijidudu hicho tayari kilikuwa na kisu cha kuikata. Usugu haukuletwa na binadamu. Bakteria wamekuwa wakipigana na ukungu udongoni tangu zama za kale, na silaha zao ni kongwe kuliko sisi. Tulichofanya sisi ni kuwapalilia wale wenye silaha.

Kwa msaada wa viwanda vya Marekani, kufikia Juni 1944 penisilini ilikuwa nyingi ya kutosha kuwatibu askari wa nchi washirika waliotua Ufaransa. Mwaka huo huo Fleming alipewa cheo cha Sir, na mwaka wa 1945 yeye, Florey na Chain wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Magazeti yalimwimbia sifa kana kwamba alifanya kila kitu peke yake, sifa ambazo kwa hakika ziliwapunja watu wa Oxford. Yeye alikuwa mwepesi wa kukiri kwamba hakuiunda penisilini. Maumbile ndiyo yaliyoiunda, naye aliikuta tu.

Angaliweza kuitumia siku ya kupokea tuzo kujipigia debe. Badala yake, katika hotuba yake huko Stockholm mnamo Desemba 1945, aliwaonya walimwengu. Alieleza kwamba ni rahisi kuwafanya bakteria kuwa sugu katika maabara kwa kuwapa dawa kidogo isiyotosha kuwaua, na kwamba hayo yaweza kutokea mwilini pia. Alihofia siku ambapo dawa ingeuzwa madukani kwa yeyote. Akatoa mfano wa mtu aliyeumwa koo, akajinunulia penisilini, akameza kidogo, akavizoeza vijidudu dawa badala ya kuviua, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, dawa ikashindwa, akafa. Fleming hakusita kusema kwamba mwenye lawama ni mume.

Msomaji, badala ya mume na mke weka mabinti wawili wa bwenini, na badala ya koo weka kibofu. Je, miaka themanini baadaye, kuna tofauti gani?

Wanafunzi huniuliza usugu hutokeaje. Chukua kijidudu kimoja cha E. coli. Katika mazingira mema hujigawa kila baada ya dakika ishirini hivi, hivyo kwa saa saba kimoja huzaa zaidi ya milioni mbili. Katika umati huo hutokea mmoja mwenye hitilafu ya urithi inayomwezesha kuivunja dawa, kuisukuma nje au kubadili mahali inaposhika. Dawa ikija, wenzake hufa, naye hubaki na uwanja mzima. Fauka ya hayo, bakteria huweza kugawiana silaha hizo kupitia vipete vidogo vya chembe za urithi, kama wanafunzi wanavyopitishiana majibu ya mtihani chini ya dawati. Dawa ya ampisilini, ambayo ni ya ukoo wa penisilini na iliweza kumuua E. coli, ilianza kutumiwa mwaka wa 1961. Kabla muongo huo haujaisha, mjini Athens, Ugiriki, alipatikana E. coli mwenye kipete cha kuivunja. Silaha hiyo sasa imeenea dunia nzima, Kenya ikiwemo. Amoksilini ni ndugu wa karibu wa ampisilini. Ndiyo sababu vidonge vinne vya yule rafiki havikufua dafu.

Lakini sitaki kumfanya Fleming kuwa mtume asiyekosea. Yeye alisisitiza kipimo kidogo. Leo tunajua kwamba kutumia dawa pasipo haja, au kwa siku nyingi kupita kiasi, nako hukuza usugu, kwani kila kidonge huwapepeta bakteria wa mwili mzima. Kwa maambukizi mepesi ya kibofu kwa mwanamke, dawa kama nitrofurantoini hutosha kwa siku tano hivi, na fosfomisini hutolewa mara moja tu. Maambukizi ya figo yana dawa zake na muda wake, na mimba hutaka uangalifu wa pekee. Kwa hiyo wa kuamua aina, kipimo na muda ni mtaalamu aliyemwona mgonjwa, wala si jirani.

Pili, Fleming alimtwika mgonjwa lawama yote. Mimi naona hilo ni nusu ya haki. Binti asiyeruhusiwa kutoka darasani kwenda msalani, ambaye shule yake haina maji, na ambaye zahanati ya karibu haina uwezo wa kuotesha mkojo, atalaumiwa peke yake? Sheria yetu hutaka cheti cha daktari kabla ya dawa hizi kuuzwa, lakini nani asiyejua kwamba madukani huuzwa mbili mbili kama peremende? Watafiti walikadiria kwamba mwaka wa 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara likaumia kuliko mengine. Kenya ilitoa sera ya taifa ya kupambana na usugu mwaka wa 2017. Sera ni njema, ila sera haichoti maji wala haifungui mlango wa msala.

Fleming alimpoteza mkewe wa kwanza, Sarah, mwaka wa 1949. Mwaka wa 1953 alimwoa Amalia, daktari Mgiriki aliyekuwa akifanya kazi katika maabara yake. Alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo jijini London tarehe 11 Machi, 1955, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Hakutajirika kwa penisilini.

Nimjibuje basi mpwa wangu, na niwaombe nini walimu wenzangu? Kwanza, mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda haja ndogo, apewe. Kumzuia ni kuvipa vijidudu muda wa kuzaana. Pili, matroni na walimu wa zamu wawazoeze wasichana kuyasema maumivu haya bila haya, na anayehisi homa au maumivu ubavuni apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Tatu, mkojo upimwe kabla ya dawa kuanza pale inapowezekana. Nne, wanafunzi waache kugawiana vidonge. Ukarimu wa kugawana mkate ni sifa, lakini wa kugawana vidonge hudhuru wote wawili. Mwisho, tunapofundisha habari za Fleming tusikomee kwenye kisahani cha mwaka wa 1928. Tufike Stockholm, mwaka wa 1945, tuwasomeshe onyo pamoja na ugunduzi.

Mpwa wangu amerudi shuleni. Mwenzake aliyemgawia vidonge alilia sana alipopata habari za kulazwa kwake, naye hakustahili kubeba lawama hiyo peke yake. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Kazi hiyo ilikuwa yetu.